Nilivyochoma mbuzi kwenye kambi ya karavani Dorset na majirani wakabaki marafiki

Kila niliyemwambia kwamba tunakwenda kulala kwenye karavani Dorset, kusini mwa Uingereza, na kwamba nabeba mbuzi wa kuchoma, alikuwa na lake la kunishauri. Dada mmoja wa hapa mjini Reading aliniapia kwamba Wazungu hawataki moto kambini hata wa kiberiti, nipike kwa gesi ndani nifunge mlango. Mwingine akasema sheria hakuna, wewe choma tu, wakija waombe radhi. Shemeji yangu, mdogo wake Baba Nasra, ndiye aliyejiamini kuliko wote: tununue yale majiko ya kutupa, sinia la bati jepesi lenye mkaa ndani na kiwavu juu. "Shem, unagonga kiberiti, dakika ishirini tunakula." Wote watatu walikosea, na mbuzi aliliwa, kwa hiyo sasa ni zamu yangu kusema.

Mimi nilipiga simu kambini. Jibu lilikuwa jepesi kabisa: kuwasha kuni chini kwenye majani, hapana. Jiko la mkaa, karibu, mradi liinuliwe lisiguse nyasi, likae mbali na mahema na karavani, na mtu mzima asitoke pembeni yake. Matofali ya kuliinulia wanaazima bure. Kambi nyingine zina masharti yao, zipo hata zinazokodisha karai la chuma la kuwashia kuni na kuuza kuni zilizokauka, basi usichukue haya ya kwangu ukayapeleka Wales au Scotland. Uliza. Ile nafasi ya mita 6 unayoikuta kati ya karavani na karavani wengi hudhani ni ya faragha. Ni ya moto: ukishika kwako usirukie kwa jirani. Usiijaze gari, viti na kamba za nguo.

Dorset wana sababu ya kuwa wakali. Mei 2020 msitu wa Wareham uliwaka, zikateketea kama hekta 220, na kwenye eneo hilo yalikutwa mabaki ya majiko ya kutupa. Yule mama wa mapokezi bado alilisimulia jambo lile kwa hasira, kama mtu aliyeunguliwa shamba lake mwenyewe.

Shemeji akawa ameshayanunua. Mawili, kwa pauni chache tu, akasisitiza. Nikamwambia sawa, weka juu ya matofali, mimi nakaa hapa natazama. Jamani. Karatasi iliyo juu ya mkaa ule imelowekwa mafuta, akaigusa na kiberiti, moto ukaruka hadi usawa wa nyusi zake. Halafu moto ukalala, ukaja moshi mweupe wenye harufu ya kibatari, ukasafiri moja kwa moja hadi kwa wazee wa upande wa pili ambao walikuwa wameanika mashuka. Nilimwona yule bibi akiyaanua mashuka bila neno, na Mwingereza asiyesema neno ndiye wa kuogopwa. Shemeji hakungoja mkaa ufanye jivu. Akapanga mapaja ya kuku kwenye moshi uleule. Baada ya muda ngozi ilikuwa nyeusi tititi, ukichana ndani damu inatiririka. Akitaka kuongeza moto, mkaa umeishia pale, na wavu umebanwa hauinuki. Kuku wakamaliziwa kwenye kikaango cha gesi. Kisha akalishika sinia kwa taulo akitaka kulitupa kwenye pipa la taka, kwa kuwa "limeshazima". Nikalimwagia maji mbele yake. Likapiga mluzi! Vitu vile hubaki na moto saa nyingi, na pipa lenyewe ni la plastiki.

Kesho yake zamu yangu. Nilikuwa na jiko langu la bati lenye udongo ndani, nililolileta kwenye sanduku kutoka Tanga (uwanja wa ndege walilifungua, wakaligeuza, wakaitana kulitazama, wakanirudishia). Nikaliweka juu ya matofali manne ya saruji. Lakini siri haikuwa jiko, ilikuwa kopo.

Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, la bati tupu, siyo la rangi. Kata kitako, libaki wazi juu na chini. Toboa matundu kuzunguka upande wa chini kwa msumari. Lisimamishe katikati ya jiko, kunja karatasi kavu chini, jaza mkaa juu, washa kupitia matundu. Hewa inaingia chini inavuta moto kwenda juu, na kwa muda wa kunywa kikombe cha chai mkaa wa juu umeanza kuwa mweupe. Moshi unatoka kidogo mwanzoni, basi. Unalinyanyua kopo kwa koleo, makaa yanamwagika yakiwa tayari. Hakuna mafuta ya taa, hakuna kupepea. Madukani wanauza dude kama hilo lenye mpini kwa pauni kumi na kitu, ishirini. Bibi yangu hakuwahi kulilipia.

Niliwafuata wale wazee mapema, nikawaambia nawasha saa kumi na moja jioni, je, wana nguo nje? Swali hilo moja liliyeyusha ile barafu ya mashuka. Kanga niliifunga kwenye mlingoti wa hema la mlangoni nione upepo unakwenda wapi, nikahamisha jiko moshi uelekee uani kwenye miti. Mbuzi nilikuwa nimemchemsha nusu nyumbani kwa tangawizi, ndimu na chumvi, akabaki wa kukaushwa tu. Najua wachoma nyama wenyewe watanicheka. Wao hawana jirani mita sita. Mafuta yanayodondokea kwenye makaa ndiyo moshi mkubwa wenyewe, kwa hiyo makaa niliyasukuma upande mmoja, nyama yenye mafuta ikakaa upande mwingine.

Mvua ikaja, Agosti hiyo. Shemeji akalishika jiko alivute ndani ya hema. Hapo nilipaza sauti mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mkaa hata ukiwa umefifia unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wameshakufa hivyo ndani ya mahema humu Uingereza, kama tunavyosikia nyumbani kila msimu wa baridi, familia imelala na jiko ndani. Jiko likabaki nje. Baba Nasra akanishikia mwavuli, nikamaliza.

Sahani ya kwanza ilikwenda kwa wale wazee, na kachumbari na kibakuli cha ukwaju. Makaa niliyamwagia maji kidogo kidogo, jiko likalala nje, jivu nikalitia asubuhi kwenye ndoo ya chuma ya kambi. Yule mzee akaja kutaka kuona kopo. Nilipotoka na chai nikamkuta Shemeji anamweleza, mikono hewani, namna "tulivyolibuni". Nikamwachia aendelee, ila wavu aliusugua yeye.