Wasiwasi ukihamia mgongoni

Kuna maumivu ya mgongo yanayofuata kalenda. Januari ada zinapodaiwa, yapo. Rejesho la mkopo likikaribia, yapo. Mtu akienda kijijini wiki moja na kichwa kikatulia, mgongo nao unatulia. Siku ya kurudi mjini, basi halijafika stendi, kiuno kimeshaanza kukaza. Akipimwa hakionekani kitu cha maana, anaambiwa "ni mawazo tu". Hilo neno "tu" linaumiza watu. Maumivu haya ni ya kweli, yana njia yanayopitia mwilini, na ukiijua njia hiyo unajua pa kuyaziba.

Mwili wenye hofu hujiandaa kukimbia au kupigana. Adrenalini, homoni ya hofu, hupanda, mabega huinuka, taya hubana, na ile misuli mirefu iliyolala pande mbili za uti wa mgongo hukaza. Swala anayefukuzwa na simba hukaa hivyo dakika chache. Mtu anayewaza deni hukaa hivyo kutwa nzima, miezi. Msuli usiopumzika huchoka, ukichoka huuma.

Halafu kuna pumzi. Mwenye wasiwasi hupumulia kifuani, juujuu, au huizuia pumzi bila kujua, hasa anapofungua ujumbe wa simu asioutaka. Kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kimejishikiza kwenye pingili za juu za kiuno. Kwa hiyo kupumua ni jambo la mgongo pia.

Na mwisho ubongo. Ukishayaogopa maumivu, ubongo unakuwa kama mbwa wa nyumba iliyovamiwa juzi: leo anabwekea hata kuku. Unaogopa kuinama, unaacha kuinama, misuli inadhoofika, na siku ukiinama kunauma kweli. Hofu inapata ushahidi wake.

Hata hivyo usiutupie wasiwasi lawama zote kabla ya kukagua mambo haya. Ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua, miguu kulegea: hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito: uchunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hula pingili polepole na huku kwetu si kigeni. Anayefuga au kunywa maziwa yasiyochemshwa afikiriwe brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Aliyeanguka kwenye bodaboda, aliyewahi kuugua saratani, mwenye selimundu, au aliyeanza kuumwa mgongo kwa mara ya kwanza akiwa amepita miaka 50, amwone daktari kwanza. Mtu mmoja anaweza kuwa na wasiwasi na ugonjwa wa mfupa kwa pamoja.

Kwa wasio na dalili hizo, kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, mara nyingi huongeza hofu kuliko majibu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba kwa watu wasioumwa kabisa, dalili za kuchakaa kwa diski, vile vimto vilivyo kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Karatasi ikiandikwa "diski imechakaa", muulize daktari kama hicho ndicho kinachouma au ni mvi za ndani tu.

Sasa matendo. Anza na pumzi, maana ndiyo unayoweza kuishika papo hapo. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga chini. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4; mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Toa taratibu ukihesabu hadi 6, kama anayepoza chai ya moto. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 usiku. Kosa kubwa ni kuvuta hewa nyingi ukidhani ndiyo kupumua vizuri: kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinachomachoma, na wasiwasi unapanda badala ya kushuka. Vuta kidogo, toa kwa muda mrefu. Hesabu ya 4 na 6 ikikubana, anza na 3 na 4. Wapo ambao wakilala na kufumba macho hofu inazidi. Hao wakae kwenye kiti, macho wazi, wakitazama kitu kimoja ukutani.

Baada ya pumzi, kukaza na kulegeza. Njia hii ilianzishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 20. Naipenda kwa sababu inamjua mgonjwa wake: aliyekaza misuli kwa miezi hajui tena kwamba amekaza, na ukimwambia "legeza" hajui alegeze nini. Basi kwanza akaze kwa makusudi. Kunja vidole vya miguu kwa sekunde 5, achia ghafla, kisha kaa sekunde 20 ukihisi mguu unavyokuwa mzito. Panda juu: mapaja, makalio, tumbo, ngumi, mabega hadi karibu na masikio, taya, macho. Tumia nusu ya nguvu zako. Ukizidisha, shavu la mguu litakamata na zoezi zima litaharibika. Mgongo wenyewe unaouma usiukaze. Makalio na tumbo vikilegea, wenyewe hufuata. Mzunguko mzima ni kama dakika 3 hadi 4. Siku za kwanza huenda usihisi lolote, na hapo ndipo wengi huacha. Jipe wiki mbili za kila siku kabla ya kuhukumu.

Ukiwa bado mkekani, fanya miondoko mitatu. Peleka magoti yote mawili kulia na kushoto polepole, mara 10 kila upande. Vuta goti moja kifuani, shikilia sekunde 20, mara 3 kila mguu. Kisha piga magoti na viganja chini, pandisha mgongo kama paka aliyeshtuka ukitoa pumzi, ushushe ukivuta pumzi, mara 8. Pima maumivu kwa alama 0 hadi 10. Yakifika 3 au 4 na kesho asubuhi yakawa yamerudi yalipokuwa, endelea, hujajiumiza. Yakizidi hapo, punguza idadi kwa nusu. Usiache kabisa, kwa sababu kuacha ndiko kunakomlisha yule mbwa.

Kutembea ni dawa ambayo watu huidharau kwa kuwa haina kifungashio. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2024 ulifuatilia watu waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa siku 208 kabla ya maumivu kuwarudia nusu yao. Kwa wasiopewa, ilikuwa siku 112. Anza na dakika 10, mara mbili kwa siku. Ongeza dakika 2 kila baada ya siku tatu, hadi ufike dakika 30 kwa siku 5 za wiki. Mikono ibembee, simu ikae mfukoni. Ukitembea huku unasoma ujumbe wa mdai, mabega yanabaki masikioni.

Kwa wanaokaa kazini: hakuna mkao mmoja ulio sahihi, mkao ukikaa nao muda mrefu huuma wote. Kila dakika 30 simama, toa pumzi ndefu tatu, shusha mabega, kaa tena.

Kichwa nacho kinahitaji zamu yake. Chagua saa ya mawazo, tuseme saa 11 jioni, dakika 15, ukiwa na daftari, na usiwe kitandani. Gawa ukurasa mara mbili: ninaloweza kulifanyia kitu, na lisilo mikononi mwangu. Kwa lile la kwanza andika tendo na saa, kwa mfano "kesho saa 3 asubuhi nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu". Wazo likija saa 8 usiku, liahirishe hadi saa yake. Kama wasiwasi umekaa karibu kila siku kwa miezi 6, au unakunyima usingizi na kazi, tafuta kliniki ya afya ya akili; matibabu ya mazungumzo yanausaidia wasiwasi na mgongo kwa pamoja. Ukifikiria kujidhuru, usisubiri siku ya kliniki, nenda leo.

Kuhusu sindano ya diklofenaki kila mgongo unapokaza: inatuliza, lakini ikizoeleka inatoboa tumbo, inachosha figo na kupandisha presha, na mwenye vidonda vya tumbo au presha anaingia hatarini haraka. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kulegeza misuli, huzoeleka ndani ya wiki chache. Aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla, apunguziwe na daktari. Mikanda ya kiuno pia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 haupendekezi itumike kama kawaida kwa maumivu sugu ya kiuno.

Na siku yakirudi kwa nguvu, maana yatarudi: chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15 hadi 20, usiilalie usiku. Punguza matembezi kwa nusu, lakini toka nje. Lala kwa ubavu, mto katikati ya magoti. Jiulize nini kimetokea siku tatu zilizopita: usingizi, ugomvi, deni, kahawa nyingi? Andika jibu kwenye lile daftari la saa 11, na siku ya tatu rudia dakika zako zote za kutembea.