Msimu Usio na Bingwa

Usingizi unaponikataa huwa napitia orodha za mabingwa wa ligi za soka za kale, na juzi nilifika Kupro. Anorthosis ya Famagusta ilitwaa ubingwa msimu wa 1957–58, ikautwaa tena 1959–60, na kati ya misimu hiyo miwili pana mstari mtupu. Ligi haikuchezwa. Kisiwa kilikuwa koloni la Uingereza, wapiganaji wa EOKA, kundi la Wagiriki wa kisiwa hicho, walikuwa wameshika silaha tangu tarehe 1 Aprili 1955 wakitaka kuungana na Ugiriki, Askofu Mkuu Makarios, kiongozi wao, alikuwa amekwisha kuonja uhamisho huku kwetu baharini, Shelisheli, na ilipofika katikati ya 1958 Wagiriki na Waturuki wa kisiwa hicho walikuwa wakiuana.

Hata hivyo, si huo mstari ulioniumiza. Ligi ilipoanza msimu wa 1934–35, timu ya Waturuki wa Nicosia ilikuwamo pamoja na zile za Wagiriki, na Çetinkaya, klabu iliyotokana nayo, ilikuwa bingwa mwaka 1951, jambo ambalo hakuna klabu nyingine ya Waturuki iliyowahi kulifanya. Mwaka 1955 klabu za Waturuki zilijitoa na kuunda shirikisho lao wenyewe. Msimu uliopotea ulipita na ligi ikarejea, wao hawajarudi.

Wala tusiwabebeshe Waingereza mzigo wote wa migawanyiko hiyo. Mwezi Mei 1948, Ugiriki ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, viongozi wa APOEL, klabu ya Wagiriki wa Nicosia, walipeleka simu ya maandishi kwa chama cha riadha cha Ugiriki, wakiomba maasi ya wakomunisti yakomeshwe. Karatasi moja tu, tena iliyoandikwa kwa ajili ya mashindano ya riadha, ikaipasua klabu ya soka: wachezaji waliopinga waliondoka, na mwezi Juni ikazaliwa klabu yao, Omonia. Klabu za mrengo wa kushoto zikaanzisha ligi yao, hata Kupro ndogo ile ikawa na ligi mbili za Wagiriki kwa Wagiriki mpaka 1953, ziliporudi kundini.

Yaani tangu mpasuko huo wa 1948, kwa takriban miaka miwili tu, 1953 hadi 1955, wote walikuwa chini ya chama kimoja. Nimeutazama msimamo wa 1959–60, miezi michache kabla ya uhuru wa Agosti 1960: Omonia imo, APOEL imo, Çetinkaya haimo.