Kahawa ya Mwanjelwa

Jana jioni Mwanjelwa, hapa Mbeya, baridi ya Julai inapenya hadi mifupa, nikajibanza kijiweni. Mada: mateka wa vita. Nikawasimulia habari ya Gilad Shalit, askari wa Israeli aliyetekwa na wapiganaji wa Kipalestina 2006. Wazazi wake waliandamana kwa miguu hadi Jerusalem, wakapiga hema karibu na makazi ya waziri mkuu. Oktoba 2011 waziri mkuu huyo, Netanyahu, akakubali kuachia wafungwa 1,027 kwa kijana mmoja. (Nashuku hesabu za kura zilikuwemo, wanasiasa tunawajua.)

"Elfu kwa mmoja? Biashara kichaa!" akaguna dogo wa bodaboda.

Mzee wetu aliyepigana Vita ya Kagera akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, wewe umewahi kusubiriwa na mama yako?"

Dogo akaomba kashata.