Mimi Niko Wapi Hapa?

Juzi, tulipokuwa tukitoa vitu ili chumba cha mbele kipakwe rangi, binti yangu mdogo aliishusha ile picha ya mikono ukutani, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga ya mama yake, kisha akaniuliza, "Baba, huyu mtu uso wake uko wapi?" Nilimwambia ailaze kitandani, tutazungumza baadaye. Hadi leo sijamjibu, kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa mwaka 1999 na mwenye mikono yenyewe, na hata yeye sikumpa jibu la maana.

Mwaka huo nilikuwa na ile Pentax K1000 ambayo mjomba aliniachia alipokuja likizo kutoka Muscat. Ilikuwa kamera isiyomfanyia mtu chochote: ndani ya kitundu cha kutazamia kulikuwa na mshale unaopanda na kushuka kufuata mwanga, na yaliyobaki yote, yaani kasi, kipenyo cha lenzi na umbali, uliyaamua mwenyewe. Mshahara wa mwalimu mpya uliruhusu mkanda mmoja wa picha 36 kwa mwezi pamoja na gharama za kuusafisha, nami niliumaliza kama walivyoumaliza wengine wote, kwa kuwapanga watu mbele ya ukuta, jua likiwapiga usoni, kila mmoja akiwa amenyoosha mikono na kuacha kupumua mpaka nibofye. Fundi wa studio aliyekuwa akinisafishia mikanda alizitazama picha hizo kwa miezi kadhaa bila kusema neno, hadi siku moja aliponiambia kwa upole, "Mwalimu, picha zako zinanionyesha nani alikuwepo. Hazinionyeshi alikuwa akifanya nini." Akaongeza mawili: nisogee karibu kuliko ninavyothubutu, na kabla ya kubofya nizitazame pembe zote nne za picha. Tangu hapo, kila nilipopita Capital Art Studio, ile iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, nilisimama kuzitazama picha za zamani za Mji Mkongwe, nikijaribu kuelewa ni kwa nini kivuli cha mlango mmoja kilinishika kuliko arusi zote nilizopiga.

Ndivyo nilivyofika Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Nililala kwa mwalimu mwenzangu, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa pwani, mahali wanapoundia majahazi. Moja lilikuwa limeegemezwa juu ya magogo, upande wa juu mataruma, yaani mbavu zake, yakiwa bado wazi, na chini ya ubavu wake mzee mmoja amechuchumaa akipiga kalafati, akiziba nafasi za mbao kwa pamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha. Akaacha kazi mara moja, akanawa mikono, akaniomba nimsubiri, akaenda nyumbani na kurudi amevaa kofia ya viua na shati safi. Akasimama mbele ya jahazi, wima, akanitazama. Nilimpiga picha moja, nikamshukuru, naye akavua lile shati safi, akalikunja vizuri na kurudi kazini.

Siku nyingine yoyote ningeondoka hapo. Siku hiyo nilikaa juu ya ubao, kamera mapajani, kwa muda unaokaribia saa nzima.

Alikuwa akisokota pamba juu ya paja lake mpaka iwe kama kamba nyembamba, akaichovya katika mafuta, akailaza kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, kisha akaisukuma ndani kwa patasi na nyundo ya mbao. Mwanzoni mlio ulikuwa mzito, kama wa kugonga gunia. Kadiri pamba ilivyojaa, mlio ulikazika, ukawa mkavu, na hapo mzee aliinamisha kichwa kidogo upande wa sikio la kulia, akasikiliza, akasogea mbele shibiri moja. Macho yake hayakuwa kwenye kazi hata kidogo, yalikuwa baharini. Kidole gumba cha kushoto, ambacho ukucha wake ulikuwa mweusi na umepasuka katikati, kilipita juu ya mshono kila baada ya mapigo machache, polepole, kama kidole cha mtoto wa chuoni kinavyofuata herufi za msahafu.

Jua lilikuwa bado chini, likaingia chini ya ubavu wa jahazi, na mchanga mweupe ukalirudisha juu, hata sehemu zilizopaswa kuwa giza zikapata mwanga laini. Nikasogea. Lenzi yangu ya milimita 50 haikukubali ukaribu wa chini ya sentimita 45, nami nilisogea hadi mwisho wake, nikasikia harufu ya mafuta kwenye pamba. Mshale uliniruhusu kupiga kwa kasi ya 1/250 ya sekunde na kipenyo cha 4. Nikaona kwamba kwa kasi hiyo nyundo ingegandishwa hewani kama kitu kilichotundikwa, basi nikashusha hadi 1/60 na kufunga lenzi hadi 8, ili mkono wa patasi utulie na nyundo iache alama ya mwendo wake. Nikazitazama pembe nne. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na ndoo ya plastiki ya buluu. Nikahamisha goti, ikatoka. Nikahesabu mapigo matatu, na la nne, kabla halijatua, nikabofya.

Sikupiga tena. Kidude cha kuhesabia kilionyesha 23, na nilijua.

Fundi wa studio aliposafisha mkanda ule hakusema kitu. Aliigeuzia picha kwenye mwanga wa mlangoni, akaishika kwa muda mrefu. Nikaagiza ichapwe kubwa. Baada ya wiki chache niliipeleka Nungwi pamoja na ile ndogo ya kusimama. Mzee aliipokea ile kubwa kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwambia, "Hiyo ni mikono yako, babu."

Akaitazama mikono yake, akaitazama picha. "Mikono hii kila fundi wa hapa pwani anayo." Akanirudishia bila kinyongo. "Kaa nayo wewe, mwalimu." Ile ndogo aliifunga ndani ya leso, akaitia katika mfuko wa kifuani.

Alipofariki nilikwenda kwenye arubaini yake, na picha ile ndogo ilikuwa ndani ya fremu juu ya kabati la vyombo. Mjukuu mmoja alinionyesha kwa kidole na kuniambia, "Yule ndiye babu." Miguu yake niliikata kwenye vifundo, na jua limemfinya macho. Lakini alikuwa amesimama vile alivyotaka kusimama, na shati lake lilikuwa safi. Kwa miaka yote nimeamini kwamba siku ile ndipo nilipoanza kupiga picha, na bado naamini hivyo. Ila sijaweza kuiita ile ndogo picha mbaya.

Jana jioni rangi ilikuwa imekauka. Nilimkuta binti yangu kitandani amelaza kiganja chake juu ya kioo, akilinganisha kidole gumba chake na kile chenye ukucha uliopasuka. Safari hii hakuuliza kuhusu uso. Aliuliza kidole kile kiliumizwa na nini, na mimi, niliyekitazama kwa karibu saa nzima, sikuwahi kumwuliza mzee.