Asubuhi ni ya mkasi

Jana baada ya isha nilihesabu mifuko iliyotundikwa ukutani: 17. Kila mmoja una kitambaa cha mtu, karatasi ya vipimo na tarehe niliyoitamka kwa mdomo wangu mwenyewe. Mitano tarehe zake zimeshapita. Nilikaa mbele ya cherehani bila kushona chochote, nikajiuliza siku zangu zinakwenda wapi, maana mvivu siyo.

Kilichonifikisha hapo ni gauni la satini. Ilikuwa saa nne usiku, macho mazito. Nilikata mkono wa kwanza, nikaisogeza ile karatasi niliyochorea umbo la mkono, nikakata wa pili bila kuigeuza. Yote miwili ikawa ya kushoto. Ingekuwa kitenge ningegeuza kitambaa tu, rangi zake zinaonekana pande zote. Satini ina uso na mgongo. Nilinunua kipande kingine kwa hela yangu. Mwenye gauni, mama mmoja wa hapa Ngamiani, hakunifokea. Aliiangalia ile mikono miwili mezani, akasema, "Mwanangu, kama ulichoka si ungelala?"

Swali hilo halijanitoka. Asubuhi akili ikiwa safi napokea simu, natafuta zipu na vifungo, naonyeshwa mishono kwenye simu za watu. Jioni nguvu zimeisha, ndipo nashika mkasi. Kazi ngumu kuliko zote nimeipa mabaki yangu! Mshono ukipinda unafumuliwa, uzi ni bei ndogo. Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa.

Kwa hiyo kuanzia leo, tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi ni kukata tu. Simu inakaa kwenye droo ya uzi. Kupima wateja ni baada ya alasiri. Pindo, vifungo na kupiga pasi ni kazi za jioni, mikono inazijua hata kichwa kikichoka. Usiku nalala.

Lililoniuma ni jingine. Binamu yangu alitaka sare za harusi za watu wanane, wiki mbili tu zimebaki. Nilimwambia siwezi. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema sawa, na mimi najua sauti yake ya "sawa" ilivyo. Ni ndugu, na hela ile ningeihitaji. Lakini ile mifuko mitano ina wenyewe waliotangulia, na siwezi kumheshimu mmoja kwa kuwadanganya watano. Kesho nitakwenda kwake nikamweleze ana kwa ana.

Leo kabla ya saa nne nimekata magauni matatu, kwa chaki, taratibu, nikipima mara mbili. Nilipofungua droo nilikuta simu 11 sikuzipokea. Ya kwanza kuirudia ilikuwa ya yule mama. Mikono yake nimeshaibandika kwa pini, wa kulia na wa kushoto. Anakuja kujaribu kesho jioni.