Kuifuata Ngoma Santiago

Nilipokuwa na umri wa miaka 9 nilichapwa kwa sababu ya mdundiko. Ngoma hiyo ya Wazaramo haichezwi mahali pamoja. Hutoka kwa wenye shughuli ikashika njia, na kila nyumba inayopitwa hutoa watu wa kuongezeka nyuma ya wapigaji, hata msafara ukawa mkubwa kuliko shughuli yenyewe. Siku hiyo ulipita nyumbani kwetu Mtoni saa kumi alasiri, nami nikaufuata nikiwa nimevaa kandambili mpya. Nilipozinduka nilikuwa Mbagala, giza limeshaingia, na mguu mmoja uko mtupu. Mama, ambaye ni Mmakua wa Masasi na hajawahi kuona cha maana katika ngoma za ukweni kwake, alinichapa kwanza kwa ajili ya kandambili, kisha kwa ajili ya kupotea, kwa mpangilio huohuo.

Nayataja hayo kwa kuwa mwezi Julai 2018, nikiwa mtu mzima wa miaka 31, nililirudia kosa lilelile katika mji wa Santiago de Cuba.

Nilikuwa Havana kwa miezi michache nikijifunza Kihispania, na mwalimu wetu alinishauri nisirudi nyumbani kabla ya kuiona Festival del Caribe, ambayo wenyewe huiita pia Fiesta del Fuego, yaani Sherehe ya Moto. Nilipanda basi la usiku lenye kiyoyozi kikali kiasi cha kunifanya nijifunike taulo, nikashuka Santiago baada ya mwendo wa karibu kilomita 900. Tamasha hilo lilianza mwaka 1981, na mwaka uliofuata ikaundwa taasisi ya Casa del Caribe ambayo huliandaa kila mwaka kuanzia tarehe 3 hadi 9 Julai. Mwanzilishi wake, mwanahistoria Joel James Figarola, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akizichunguza dini za watu wa kawaida wa Cuba zenye asili ya Afrika, na athari yake inaonekana katika ratiba: asubuhi ni mihadhara ya wasomi, na kuanzia alasiri ni ngoma. Mwaka ule mgeni wa heshima alikuwa Puerto Rico. Mihadhara niliihudhuria kwa adabu na kuisahau upesi.

Sikuisahau safari ya El Cobre, mji mdogo ulio karibu kilomita 20 magharibi mwa Santiago, ambako watumwa wa migodi ya shaba ya mfalme wa Hispania waliasi mwaka 1731 wakakimbilia milimani, na vizazi vyao vikaendelea kudai haki hadi walipotambuliwa kuwa watu huru mwanzoni mwa karne ya 19, miongo mingi kabla ya utumwa kukomeshwa Cuba nzima mwaka 1886. Juu ya kilima kinachoutazama mgodi huo limesimama sanamu la mtumwa mtoro, kazi ya mchongaji Alberto Lescay, na wakati wa tamasha wafuasi wa dini ya Palo hupanda huko kuwaenzi watoro wale kwa ngoma. Dini hiyo ilitokana na watu waliochukuliwa kutoka nchi za Kongo, kwa hiyo nilipanda kilima masikio yangu yakiwa yamesimama, nikitarajia kusikia lugha ya mjomba.

Nilichokipata kilinifurahisha na kunifedhehesha kwa pamoja. Mzee aliyeongoza alisalimu kwa sauti nzito, “Sala malekum,” na wenzake wakaitikia, “Malekum sala”. Nami, kwa mazoea ya pwani, nikaropoka “Waalaikum salaam” kwa ukamilifu wake, nikijikuta nimechelewa kumaliza wakati wote wameshanyamaza. Waligeuka kunitazama. Kijana aliyekuwa karibu nami alinieleza kwamba hapo mbele ipo nganga, na mimi, nikiamini kwamba ninalifahamu neno hilo tangu utotoni, nikamuuliza mganga mwenyewe ni yupi kati ya wazee wale. Akanionyesha sufuria. Lilikuwa sufuria la chuma la miguu mitatu, limejazwa vijiti, udongo na minyororo, na juu yake mzee alikuwa akipuliza moshi wa sigara na kutema pombe ya miwa kwa mpulizo mmoja mwembamba kama wa fundi cherehani anayelowesha nguo kabla ya kuipiga pasi. Kwao nganga ni chombo hicho pamoja na nguvu inayokaa ndani yake. Mwenye kukihudumia wanamwita tata. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu na furaha ya kukutana na neno la nyumbani ugenini, kwa kuwa neno huweza kusafiri salama na maana ikashuka bandari nyingine. Hata hivyo ngoma ilikuwa ngoma, na hilo hakuna aliyehitaji kunieleza.

Kijana huyohuyo alinitajia majina ya mataifa ambayo Wacuba wa zamani waliyatumia kuwatambua Waafrika: Lucumí, Carabalí, Congo, Arará, na mwishoni kabisa, kana kwamba analikumbuka kwa bahati, Macuá, watu walioletwa kutoka Msumbiji. Nilimwambia kwamba mama yangu ni Macuá. Alicheka, akidhani ninamtania.

Usiku wa pili niliwaona Tumba Francesa, chama cha wazao wa watumwa walioletwa Cuba na mabwana wa Kifaransa waliokimbia mapinduzi ya Haiti. Wanawake wenye magauni marefu na vilemba walicheza kwa madaha ya kumbi za Kifaransa huku mtu mmoja akilicharaza gogo la mti kwa vijiti viwili pembeni mwa ngoma. Ulikuwa uzuri wa kutazamwa kutoka kwenye kiti, nami nilikaa kwenye kiti.

Konga, ngoma ya Santiago inayopigwa huku watu wakitembea mitaani, haikunipa nafasi hiyo. Ilikuwa siku ya Maandamano ya Nyoka, ambapo vikundi vyote vya tamasha hupita mitaani katika mstari mmoja mrefu, na nilikuwa nimesimama ukingoni mwa barabara kama mgeni mwenye busara, chupa ya maji mkononi. Walipita wacheza ngoma iitwayo bomba wa Puerto Rico wakipeperusha sketi, wakapita wengine wa visiwani, kisha nikasikia kutoka nyuma ya kona sauti ambayo kwa sekunde kadhaa niliamini inatoka kichwani mwangu. Ilikuwa zumari. Ngoma nilikuwa nimejiandaa kuzisikia. Zumari sikuwa nimejiandaa. Wacuba wanaiita tarumbeta ya Kichina, kwa kuwa ililetwa na Wachina waliochukuliwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na ikaingia katika konga za Santiago mwaka 1915. Lakini ni ndugu wa zumari yetu ya pwani, sauti yake ikiwa ileile ya puani, kali na yenye kubembeleza kama mtoto anayelia huku anatazama kama unamsikia.

Mpigaji alipita hatua mbili kutoka nilipokuwa. Mashavu yake yalikuwa yamevimba na kung’aa, na mwanamke aliyetembea naye bega kwa bega alimfuta jasho kwa taulo bila yeye kukatiza pumzi. Nyuma yake walifuata wenye bokú, ngoma ndefu nyembamba zinazoning’inizwa begani, na nyuma ya hao wanaume waliobeba dramu za breki zilizong’olewa kwenye magari mabovu, wakizigonga kwa vyuma mpaka mlio wake ukawa unasikika kwenye meno. Kisha wakaja watu, mtaa mzima, vikongwe na watoto, wakitembea kwa ule mwendo ambao miguu haiinuki bali huburutwa chini, na kiuno ndicho kinachohesabu. Sikuamua kuingia. Nilipojitambua chupa ya maji haikuwepo na nilikuwa katikati yao, nikiitikia kibwagizo ambacho nusu ya maneno yake sikuyaelewa.

Sijui tulipita mitaa mingapi. Kamba ya kandambili ya kushoto ilikatika kwenye mteremko, nikataka kuinama kuiokota, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma mgongoni kwa kiganja akisema, “Songa, compay, hapa hakuna kusimama.” Alikuwa sahihi, kwani kusimama ndani ya konga ni kukanyagwa. Tuliishia mtaa wa Los Hoyos, ngoma zikatuliwa mlangoni mwa nyumba moja, mpigaji wa zumari akapewa kiti, na kwa dakika chache tu kila mtu akawa ameingia kwake. Nilibaki barabarani, jua limezama, bila kujua njia ya kurudi nilikopanga chumba. Wazee wanne walikuwa wakicheza domino chini ya taa. Mmoja aliutazama mguu wangu badala ya uso, akanionyesha njia kwa kidole kilichoshika kipande cha mchezo, akaendelea kucheza.

Tarehe 9 walilichoma sanamu la shetani ufukweni mwa ghuba, kama wafanyavyo kila mwaka kufunga tamasha. Liliungua haraka.

Kesho yake nilinunua kadi ya intaneti ya saa moja, nikakaa kwenye benchi la Plaza de Marte, nikampigia mama nyumbani, ambako ilikuwa tayari jioni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Huko mnakula?”

Nilimhakikishia kwamba tunakula. Nilimweleza habari za Macuá. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama bado wanasema Kimakua, nikamjibu kwamba limebaki jina. Nikamsimulia kuhusu konga, zumari, dramu za breki na jinsi nilivyoifuata ngoma hadi mtaa nisioujua.

“Na viatu vyote viwili unavyo?” akauliza.

Nilimjibu kwamba kimoja ninacho.