Jiwe la Brunnenstraße 193

Mkutano ulionipeleka Berlin sina haja ya kuusimulia. Asubuhi ya siku ya mwisho nilitoka kumtafuta mtu wa kwetu, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kupigana angali mtoto katika jeshi la Wajerumani. Nyumba namba 193 ya Brunnenstraße niliipita mara mbili, kwa kuwa kumbukumbu yake ni kipande cha shaba kisichozidi kiganja, kilichopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu, na juu yake palikuwa pameegeshwa baiskeli. Niliisogeza, nikachutama, nikalisoma jina lake.

Mwaka 1929 alikwenda huko kudai mishahara ya askari, yake na ya marehemu baba yake, akanyimwa. Alibaki, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akahudumu mikahawani na kuigiza katika filamu. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na Husen akapewa nafasi ya kiongozi wake wa njia. Ujerumani ilikuwa vitani na Uingereza, hivyo Waingereza walichorwa kuwa wenye hila, na mateka wa kivita weusi wakaletwa kuigiza wenyeji. Watu ambao Peters aliwanyonga Kilimanjaro, jambo lililomfukuzisha kazi mwaka 1897, waligeuzwa kuwa wahalifu waliostahili adhabu. Jambo hili liliniumiza kuliko yote: uongo kuhusu nchi yetu ulihitaji uso wa mtu wetu ili uaminike.

Mwaka uleule Husen alikamatwa na utawala wa Wanazi kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa bila kesi Sachsenhausen, kambi yao ya mateso nje ya Berlin. Nilipanda treni kwenda huko. Karibu na Oranienburg, kituo cha kushukia, mkaguzi akaniambia kuwa tiketi yangu, niliyoilipia bei ya mlo mzima, inaishia mipakani mwa jiji. Nilimweleza kwamba mimi ni mgeni na nikamwomba niongeze nauli iliyopungua, lakini aliniandikia faini ya euro 60 bila kuinua macho. Fedha yangu ya chakula ikaishia hapo. Nilitembea karibu nusu saa kwenye baridi hadi langoni, ambako kwa bahati hakuna kiingilio.

Husen alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Nilisimama katika uwanja ule mtupu nikiikumbuka Sanamu ya Askari ya kwetu Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya waliopigana upande wa Waingereza. Nimepita hapo tangu utotoni, na katika jiji zima sijaona mahali palipoandikwa jina la Husen.